Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Mwenye gari kuukuu aliyewahi kukwama katika foleni ya feri ya Likoni mwezi wa Machi, jua likiwa la utosi, hahitaji kuelezwa thamani ya kiyoyozi. Wala hahitaji kuelezwa uchungu wa kukiwasha na kupulizwa hewa ya moto usoni. Aendapo gereji hupokewa kwa hukumu ya maneno mawili, aghalabu kabla hata boneti haijafunguliwa: "Gesi imeisha." Hutiliwa gesi, hulipa, hurudi nyumbani kwa raha zake. Baada ya miezi miwili huwa pale pale alipoanzia.

Mimi nimeilipia hukumu hiyo mara tatu katika mwaka mmoja. Kwa kuwa riziki yangu hutokana na taaluma ya lugha, naona haya kukiri kwamba nilichelewa kutambua kuwa nilichokuwa nikiuziwa ni kitenzi kisichofaa.

Petroli huisha kwa sababu huchomwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Imefungiwa ndani ya mabomba na kazi yake ni kuzunguka. Kompresa, inayoendeshwa na mkanda wa injini, huikandamiza. Katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta, hutoa joto na kuwa kimiminika. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba na kugeuka mvuke ndani ya ivaporeta, nyuma ya dashibodi, na huko hunyakua joto la hewa tunayopuliziwa. Kila mwanafunzi aliyepakwa spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano anaijua baridi hiyo. Halafu gesi hurejea kwenye kompresa na kuanza safari upya. Ikiwa imepungua, basi imetoka. Na ikiwa imetoka, pana mahali ilipotokea. Ni kweli kwamba mipira ya gari la miaka mingi hupitisha gesi kidogo kidogo, na gari linaloongezwa gesi baada ya miaka kadhaa halina kosa. Gesi inayotoweka kwa miezi miwili ni habari nyingine.

"Kuisha" hufunga mjadala, kwani kilichoisha huongezwa, basi. "Kuvuja" hudai mahali: yavujia wapi? (Msomaji mwerevu atasema kwamba kuisha nako huzaa kuishia, na kwamba mtu aweza kuuliza gesi yake imeishia wapi. Na aulize!) Akishaulizwa hivyo, fundi stadi ana la kufanya. Atakagua maungio ya mabomba atafute mafuta yaliyoshika vumbi, maana mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi na hutoka nayo. Atapaka povu la sabuni aone litakapotoa mapovu. Kabla ya kujaza, atanyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, aizime, kisha autazame mshale wa geji kwa muda. Ukianza kupanda, kazi haijakwisha.

Isitoshe, hukumu hii hubandikwa hata juu ya maradhi yasiyohusu gesi. Gari linalopoa likishika kasi katika barabara ya Voi, kisha likatoa joto likisimama kwenye foleni, aghalabu lina feni mbovu au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu. Likiwa mwendoni, upepo huifanyia feni kazi yake. Hewa ikiwa baridi lakini dhaifu, chujio litazamwe. Kompresa isipoanza kabisa, huenda fyuzi imeungua au klachi yake imekufa. Huenda pia gesi imepungua mno, kwani pana swichi inayoizuia isifanye kazi ikajiharibu. Kulijazia gesi gari lenye feni mbovu ni kuliongezea ugonjwa, kwa sababu gesi ikizidi, shinikizo hupanda na ubaridi hupungua. Kiasi kinachotakiwa mara nyingi huandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti. Hupimwa kwa mizani, si kwa kugusa bomba kwa kiganja.

Kuna na jambo la hewa yetu sote. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, iliyoondolewa hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyochukua nafasi yake haiidhuru ozoni, lakini kilo yake moja hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, ikihesabiwa kwa miaka 100. Huko angani ndiko gesi yangu "ilikoishia" mara tatu.

Simlaumu fundi peke yake. Fundi wa jua kali amejifunza kazi kwa Kiswahili, kwa kutazama na kusikia. Mwalimu wa fizikia amefundisha uvukizi kwa Kiingereza, ubaoni, bila bomba wala kompresa mbele ya darasa. Wawili hawa hukutana siku gari la mwalimu linapoharibika, na hapo hawana msamiati wa kuelewana. Vyuo vya ufundi vinapaswa kuandaa vitini vya Kiswahili vyenye maneno haya haya yanayotamkwa gereji, kompresa na kondensa, na si istilahi za kamusini ambazo hakuna azijuaye. Nasi walimu wa Kiswahili, badala ya kudai insha nyingine tena kuhusu siku isiyosahaulika, tungemwambia mwanafunzi aeleze jinsi jokofu linavyopoza maji. Atakayeweza kulieleza hilo hatalipia kitenzi kibaya mara tatu.

Mwanya wa gari langu ulipatikana mara ya nne, kwa fundi mwingine: kipete cha mpira kwenye ungio la bomba, chembamba kama hereni ya mtoto, kilichokauka na kupasuka. Alikibadilisha, akanyonya hewa, akapima gesi kwa mizani huku nikitazama. Huu ni mwaka wa pili. Machi iliyopita nilivuka Likoni madirisha yamefungwa.