Ilani ya Mapigo 16

Makomredi! Wachanaji, maprodyuza, madijei, wapiga tabla, watunga mashairi. Nyinyi wa Mombasa na Tanga, wa Unguja na Lamu, wa Kariakoo na Eastleigh, na nyinyi wenzetu mlioko Mumbai, Chennai, Coventry na London:

Zama mpya zimeingia. Ule wakati wa mchanaji wa Pwani kungoja mdundo uvuke Atlantiki ndipo afumbue kinywa umepita, na haurudi. Tulifundishwa kutazama magharibi hata shingo zikakakamaa, ilhali pepo za kaskazi na kusi zimekuwa zikibadilishana nyimbo kati ya ufuo wetu na ufuo wa Gujarat tangu enzi za majahazi. Leo tunageuka. Tunaitangaza hip hop ya Bahari ya Hindi, na tunaitangaza kwa Kiswahili.

Tunaamini kwamba sauti za Bara Hindi ni zetu kwa malezi. Watu walitoka kwenye majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa wakiimba nyimbo za Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya 1951, pasipo kujua neno la Kihindi. Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa akayachukua mahadhi ya filamu za namna hiyo, akayavika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani isiyoyumba, tabla na hamoniamu zikimfuata, na harusi za mji mzima zikamwitikia. Zuhura Swaleh aliimba huku nyuma yake ikilia tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonye, asili yake Japani. Wapo waliobeza, wakasema huko ni kuiga. Sisi tunasema huko kulikuwa kuchana kabla kuchana hakujapewa jina: kuushika wimbo uliokwisha kuwapo, kuuvunja, kuusemesha mambo ya mtaa wako. Dijei Kool Herc alipoanza kurudiarudia kipande cha santuri kwenye mashine mbili kule Bronx, mwaka 1973, Mombasa haikuhitaji kuelezwa maana yake.

Tunaamini kwamba hesabu yetu ni moja. Sikilizeni vizuri, makomredi, maana hapa ndipo ulipo moyo wa ilani hii. Shairi letu la tangu na tangu lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Vesi ya mchanaji ina mistari 16. Na tintal, tala kuu, yaani mzunguko mkuu wa mapigo, katika muziki wa Kihindustani, ina mapigo 16 yaliyopangwa manne manne. Mkalie mpiga tabla ubavuni umtazame anavyoihesabu kwa mikono: kofi kwenye pigo la 1, kofi kwenye la 5, kisha kwenye la 9 kiganja kinapungwa hewani bila kofi, na kofi jingine kwenye la 13. Kiganja kikishapungwa, ngoma ya kushoto huondoa besi yake, mdundo ukawa mwepesi, na kila mwenye sikio akajua mzunguko umefika wapi. Mchanaji akilijua pengo hilo ataiweka panchi yake humo, nayo itasikika bila kugombana na besi. Akijifunza tihai, yaani kulisema fungu moja la maneno mara 3 hadi liangukie sawasawa kwenye pigo la 1, hatahitaji tena kupiga kelele ili watu wajue amemaliza. Kusini mwa India wanayo konnakol, sanaa ya kupiga ngoma kwa ulimi: takadimi ni nne, takita ni tatu, tadiginatom ni tano. Kiswahili chetu, chenye silabi zinazoishia na irabu, kinazipokea silabi hizo bila ulimi kujikwaa. Na dadra, tala nyingine ya Kihindustani, inahesabika kwa 6, sawa na chakacha yetu. Nani bado atatuambia kwamba tumepotea njia?

Tunakataa sauti za watu kufanywa bizari. Tumechoka na biti zinazotiwa sitari kidogo kwenye kiitikio ili zinukie ugenini, kisha mpiga sitari hana jina wala ujira. Mwaka 2002 wimbo wa Addictive wa Truth Hurts, mwimbaji wa Marekani, ulijengwa juu ya sauti ya Lata Mangeshkar iliyokatwa kwenye wimbo wa filamu ya Jyoti ya 1981, wimbo uliotungwa na Bappi Lahiri. Dunia ikaucheza. Mtunzi hakutajwa, mpaka mwaka 2003 mahakama ya Los Angeles ilipoamuru albamu isiendelee kuuzwa bila jina lake. Na tuseme kweli yote: hata wazee wetu wa taarabu, tunaowaheshimu na tutakaoendelea kuwaheshimu, mara nyingi nyimbo zao zilienea bila jina la yule mtunzi wa Bombay. Sisi tutataja. Kila kipande tutakachosampo kitaandikiwa mtunzi wake, mwimbaji wake na mpigaji wake, na mgawo wa fedha utakubaliwa kabla wimbo haujatoka.

Tunaamini kwamba msanii hukomaa kwa kwenda na kurudi. Mtazameni M.I.A. Alizaliwa London mwaka 1975, akalelewa Sri Lanka vita vikipamba moto, akarudi Uingereza akiwa mtoto mkimbizi na kukulia kwenye nyumba za serikali kusini mwa London. Alisomea sanaa na filamu. Muziki ulimfika baadaye, alipoonyeshwa mashine moja ya midundo, Roland MC-505, akaikalia mpaka ikamtii. Mwaka 2005 ikatoka albamu yake, Arular. Angeweza kutulia hapo. Lakini kwa ajili ya Kala, iliyotoka 2007, alikwenda Tamil Nadu kurekodi wapiga urumi, ngoma ambayo upande wake mmoja husuguliwa kwa kijiti hadi ingurume, akaiacha ingurume mbele kabisa ya wimbo, ghafi, bila kuilainisha kwa ajili ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo safari tunayoitaka: kufuata sauti hadi kwenye mikono inayoitoa. Panjabi MC naye, kijana wa Coventry, aliiweka sauti ya mwimbaji Labh Janjua juu ya besi ya hip hop mwaka 1998, Kipunjabi kitupu. Miaka 5 baadaye Jay-Z ndiye aliyeingia kwenye wimbo huo, na Labh Janjua akaendelea na Kipunjabi chake. Hakuna aliyebadili lugha ili akubalike.

Tunakataa India ya ikulu na tausi. India inayotugusa ni ile ya vichochoro, ya wachanaji Divine na Naezy waliotoa wimbo wa Mere Gully Mein mwaka 2015 kwa Kihindi cha mtaani Mumbai, wakafungua njia iliyofika hadi kwenye filamu ya Gully Boy mwaka 2019. Ni ile ya Arivu wa Tamil Nadu na wenzake wa Casteless Collective, walioichukua gaana, nyimbo za mitaa ya wanyonge wa Chennai zilizodharauliwa kwa sababu ya tabaka la waimbaji wake, wakaipandisha jukwaani kichwa juu. Katika wimbo wa Enjoy Enjaami, wa 2021, Arivu alimwimbia bibi yake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Nasi tunao mababu waliokuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, na wachukuzi waliovunjika migongo kwenye gati za Mombasa. Vesi zao bado tunadaiwa.

Tunakataa ukuta uliojengwa kati ya duka na baraza. Ukoloni ulitupanga kwa rangi, kila rangi na shule yake na mtaa wake. Bendera zikabadilika, ukuta ukabaki. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda akidhani amelimaliza jambo. Hakulimaliza. Kuljit Bhamra, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1959, ni miongoni mwa wapiga tabla na maprodyuza walioijenga bhangra ya Uingereza: mtoto wa mji wetu, na miji yetu haimjui. Huko ng'ambo nako Masidi wa Gujarat, wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka Afrika, bado wanacheza goma kwenye ziara ya walii wao Bava Gor na kupiga malunga, upinde wao wa muziki. Nyumba mbili zimekuwa zikiimbiana kupitia dirishani kwa karne nyingi bila kufunguliana mlango. Yule jirani tuliyekua tukinunua sukari dukani kwake bila kujua kama anaimba, sasa tunamwita kwa jina lake. Aje studio.

Tunauona wakati unaokuja, tunauona wazi. Tunamwona binti wa Tanga akichana juu ya rupak, tala ya mapigo 7, na ukumbi mzima ukimpigia makofi mahali panapostahili. Tunamwona mwalimu akiandika ubeti wa mizani 16 na duara la tintal kwenye ubao mmoja, na watoto wasione ajabu. Tunamwona mchanaji wa Kisauni na mpiga dholaki wa Mumbai wakitumiana biti usiku na kulipana asubuhi, haki kwa haki. Tunamwona mpiga tabla mzee wa Mombasa, aliyekwisha kuzifunika ngoma zake kwa kukosa mwanafunzi, akizifunua kwa sababu vijana wamejaa kibarazani. Tunaliona tamasha linaloanzia Mombasa kwa kaskazi na kumalizikia Gujarat kwa kusi. Tunaisikia lugha yetu ikikatwa na kuungwa na madijei wa miji ambayo hatujaikanyaga, na jina la mtunzi likiwa limeandikwa.

Kazi inaanza sasa. Mchanaji wa harakati hii atajifunza tala kwa mtu anayeijua kabla ya kuichania. Prodyuza atamwita mpigaji aliye hai kila anapoweza, na atamlipa siku ile ile ya kurekodi. Dijei atalitaja jina la mpigaji kwenye maikrofoni, kwa sauti, kama anavyotaja lake. Mwenye kanda za zamani za Bhalo kabatini azilete tuzinakili kabla fangasi haijazimaliza. Hatuna kadi wala ada. Kila anayeingia aje na mistari 16 aliyoitunga mwenyewe. Mpiga tabla atahesabu, naye ataingia kwenye pigo la 1.