Kidole hakisemi yote kuhusu ubongo

WAGONJWA wengi wanaotakiwa kupasuliwa hawaogopi kisu. Wanachoogopa ni usingizi. "Daktari, kweli nitaamka?" huniuliza. Wengine huongeza: "Na nikiamka, nitakuwa na akili zangu timamu?"

Swali hilo si la kuchekwa. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena hauna akiba. Ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, seli zake huanza kufa, na zikishakufa hazirudi.

Kwa kawaida mgonjwa hutulizwa kwa kuambiwa kuwa atavishwa kidoleni kifaa cha kupima oksijeni. Ni kifaa chema. Kanuni yake iligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu 2008 kimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mambo ya kukaguliwa kabla ya mgonjwa kutiwa nusukaputi. Hata hivyo, naona tumekiamini kupita kiasi.

Chukua mfano wa matatu. Kifaa kikionyesha asilimia 98, kinasema kuwa matatu zinazopita kidoleni zimejaa abiria. Hakisemi ziko ngapi. Mtu aliyepungukiwa na damu ana matatu chache. Zote zimejaa, lakini abiria wanaofika mjini ni wachache.

Wala hakisemi kama barabara ya kwenda ubongoni iko wazi. Dawa za usingizi zaweza kushusha shinikizo la damu. Mashine ya kupumua ikiendeshwa kwa kasi mno, kabonidayoksaidi hupungua na mishipa ya ubongo ikajikaza. Kidole kitaendelea kusoma 98 huku ubongo ukiwa na njaa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Mnamo 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu.

Je, oksijeni ya ubongo wenyewe yaweza kupimwa? Ndiyo. Mnamo 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kuwa kuna miale isiyoonekana kwa macho ambayo hupenya ngozi na mfupa wa fuvu. Siku hizi vibandiko viwili huwekwa kwenye paji la uso, na mwangaza unaorudi hupimwa. Kiwango cha kawaida ni kama asilimia 60 hadi 80. Kiko chini ya kile cha kidole kwa sababu sehemu kubwa ya damu inayopimwa ni ile ambayo ubongo umekwisha kuitumia. Kikishuka kwa moja ya tano, mtaalamu hutafuta sababu mara moja.

Wapo watakaosema kila chumba cha upasuaji nchini kinunue mashine hii. Sikubaliani nao. Ni ghali, na vibandiko vyake hutumika mara moja na kutupwa. Hupima sehemu ya mbele tu ya ubongo. Isitoshe, haijathibitishwa kuwa kila mgonjwa wa kawaida hufaidika nayo. Mahali pake ni katika upasuaji wa moyo, wa mishipa ya shingo, na ule wa bega ambapo mgonjwa huketishwa na damu hulazimika kupanda hadi kichwani.

Kwa wengine wote, somo la mashine hii ni bora kuliko mashine yenyewe: ubongo hulindwa na mambo mengi kwa pamoja. Damu ipimwe siku kadhaa kabla ya upasuaji, si asubuhi ile ile. Shinikizo lipimwe angalau kila dakika tano. Kabonidayoksaidi anayotoa mgonjwa ichunguzwe. Zaidi ya yote, awepo mtaalamu wa nusukaputi asiyetoka chumbani hata kidogo. Chombo bila mtu wa kukitazama ni pambo.

Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa wewe au jamaa yako atapasuliwa, uliza bila haya: Damu yangu inatosha? Nani atanilaza, na amesomea kazi hiyo? Atakuwa kando yangu mpaka niamke? Daktari anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kuwa umeuliza kabla ya usingizi, maana baada ya hapo huwezi kujiulizia lolote.