Kwa nini muuguzi wa Rufiji azungumzie bomu la nyuklia

Kila nikitaja silaha za nyuklia katika kikao cha wauguzi, swali linalonirudia ni hili: zinatuhusu nini sisi watu wa Rufiji? Glovu hazitoshi, kina mama wanatembea mwendo mrefu kuja kujifungua, malaria iko palepale kila msimu wa mvua. Habari za tabianchi wenzangu wanazikubali haraka, maana maji yameshawaingia ndani. Lakini bomu wanaona ni la wakubwa wa Moscow na Washington.

Swali ni la haki. Nami nitalijibu kama muuguzi mkunga, kwa vipimo tunavyovitumia kazini.

Chukua mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili wake. Kanuni tuliyofundishwa chuoni ni mililita 4 za maji ya mshipani kwa kila kilo, mara asilimia iliyoungua. Piga hesabu: mililita 9,600 ndani ya saa 24 za mwanzo, na nusu yake iwe imeingia katika saa 8 za kwanza tangu alipoungua. Hizo ni zaidi ya chupa 19 za nusu lita kwa mgonjwa mmoja, siku moja. Hapo bado hujaweka mpira wa mkojo, hujampa dawa kali ya maumivu, hujaanza kusafisha vidonda na kufunga bandeji huku ukiomba vijidudu visiingie kwenye damu. Baadaye kuna kupandikiza ngozi, na kwa mgonjwa wa kwetu hiyo ni rufaa ya Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wa aina hiyo kwa mpigo wanamaliza stoo ya kituo cha afya. Wakiwa elfu mbili, hakuna hospitali ya Afrika Mashariki wala ya Ulaya itakayowaweza.

Hiroshima bomu la nyuklia liliunguza maelfu ya watu asubuhi moja, tarehe 6 Agosti 1945. Na waliotakiwa kuwahudumia walikuwa ndani ya mji huohuo. Takwimu zinazotumiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zinasema kati ya madaktari 300 waliokuwa mjini, 270 waliuawa au kujeruhiwa; wafamasia 112 kati ya 140; wauguzi 1,654 kati ya 1,780. Hapo kwenye wauguzi ndipo ninapokwama kila nikisoma. Walibaki 126 kwa mji mzima, nao walikuwa binadamu waliofiwa na watu wao asubuhi hiyohiyo.

Katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya mji huo, Dkt. Fumio Shigeto alikuta filamu za eksirei zilizokuwa zimehifadhiwa zimeshapigwa na mionzi kabla hazijatumika. Ilikuwa dalili kwamba bomu hili halikuwa kama mengine. Baadaye watu wasio na jeraha lolote la nje walianza kunyonyoka nywele, kutokwa na damu kwenye fizi, kuharisha, kisha kufa. Daktari Mswisi Marcel Junod alifika na shehena ya dawa tarehe 8 Septemba, zaidi ya mwezi baada ya mlipuko. Mwaka ulipoisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Kwa magonjwa mengi tunasema kinga ni bora kuliko tiba. Hapa tiba haipo kabisa, na anayelijua hilo vizuri kuliko wote ni yule ambaye angeitwa kutibu. Akinyamaza, wananchi wataendelea kuamini kwamba mahali fulani pana hospitali inayowasubiri.

Waliokataa kunyamaza walikuwa madaktari wawili wa moyo kutoka kambi mbili zilizokuwa zimeelekezeana makombora. Bernard Lown wa Marekani alibuni mashine ya kushtua moyo uliovurugika mapigo. Yevgeny Chazov wa Umoja wa Kisovieti alikuwa akiwatibu viongozi wa Kremlin. Mwaka 1980 walianzisha umoja wa kimataifa wa madaktari wa kuzuia vita vya nyuklia, unaojulikana kwa kifupi IPPNW. Mwaka 1982 madaktari wa pande zote mbili wakakaa pamoja mbele ya kamera za televisheni ya Kisovieti, wakawaeleza watazamaji bila kuchujwa yale ambayo bomu hufanya kwa mwili na kwa mji. Tuzo ya Nobel ya Amani ikaja mwaka 1985. Wakiwa Oslo kuipokea, katikati ya mkutano na waandishi wa habari, mwandishi mmoja wa Kisovieti alianguka, moyo umesimama. Lown na Chazov wakaacha maswali wakaenda kumkandamiza kifua pamoja na madaktari wenzao. Mtu yule akapona. Mimi sihitaji maelezo mengine ya kwa nini watu wa taaluma hii wanaweza kuongea kwa kuvuka mipaka ya mataifa wakasikilizwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa meno ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu hewani. Vumbi la milipuko lilibeba strontiamu-90 yenye mionzi, likaangukia majani. Ng'ombe akala, ikaingia kwenye maziwa, na mwili wa mtoto ukaipokea kama unavyopokea kalsiamu, ukaijenga ndani ya mifupa na meno. Katika mji wa St. Louis, Marekani, Dkt. Louise Reiss aliongoza kazi ya kukusanya meno ya utoto yaliyong'oka. Wazazi waliyatuma kwa maelfu na maelfu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1961, yakionyesha sumu hiyo ikipanda kwa watoto waliozaliwa wakati majaribio yakizidi. Agosti 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zikatia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya hewani, ya anga za juu na ya chini ya maji. Ufaransa haikutia saini. Yenyewe ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza hapahapa Afrika, Reggane, Algeria, tarehe 13 Februari 1960.

Sasa nirudi bondeni. Watu wa Rufiji hawakuzaliwa na hofu ya mafuriko. Wazee walilima mlau, yaani walipanda kwenye udongo uliolowa maji yakishapungua, na walilala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Waliijua tabia ya mto. Aprili 2024 maji yalikuja kwa namna ambayo wengi wao hawakuitarajia. Sitasema kila tone lilitokana na moshi wa viwanda vya mbali, maana mto una mambo mengi. Lakini wanasayansi waliochunguza mvua za vuli za 2023 katika Kenya, Somalia na Ethiopia walikuta kwamba joto la dunia lilizizidishia nguvu hadi takriban mara mbili, na mawingu hayajui mpaka wa Tanzania.

Tulipandisha vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za takwimu za kituo, juu ya makabati na jokofu la chanjo juu ya meza. Mama mwenye uchungu alivushwa kwa mtumbwi, mkunga mwenzangu akiwa amebeba vifaa vya kuzalishia ndani ya ndoo yenye mfuniko. Tulishukuru, mama na mtoto wakawa salama. Yakaja magonjwa ya kuhara, ikaja malaria. Madhara mazito zaidi yalichelewa. Yalifika miezi kadhaa baadaye kwenye kliniki ya watoto, pale utepe wa kupimia mkono, unaotuonyesha utapiamlo, ulipoanza kusoma njano, kisha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, kwa watoto wa nyumba ambazo mpunga wake ulizama.

Utepe huo ndio unaoniunganishia mambo haya mawili. Mwaka 2022 jarida la Nature Food lilichapisha utafiti uliokadiria kitakachotokea kwa chakula cha dunia baada ya vita vya nyuklia. Miji ikiungua, masizi hupanda juu sana kuliko mawingu ya mvua, hukaa huko kwa miaka na kulizuia jua. Baridi inaongezeka, mvua zinavurugika, mavuno yanaanguka. Vita kati ya India na Pakistan peke yake, wasema watafiti, vinaweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, wengi wao wakiwa mbali na mabomu. Wanaokufa kwanza katika njaa ya aina yoyote tunawajua: ni wale wenye umri wa kupimwa kwa utepe. Na tumeshaona kidogo jinsi vita vya mbali vinavyofika mezani. Mwaka 2022 risasi zilikuwa Ukraine, bila bomu hata moja la nyuklia, na bado mbolea, ngano na mafuta ya kula vilipanda bei hapa kwetu.

Kuna wenzangu wanaotaka tuanze na tabianchi, nyuklia tuiweke kando. Siwaungi mkono. Ukame na mafuriko vinagombanisha watu kwa maji na malisho, na mataifa yenye silaha hizo nayo yana mito yanayoigombea. India na Pakistan zinagawana Mto Indus. Majarida ya tiba yameshaelewa kwamba yote mawili yanatuhusu. Septemba 2021 zaidi ya majarida 200 yalichapisha kwa pamoja tahariri moja kuhusu joto la dunia, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa Mkenya, Profesa Lukoye Atwoli, aliyekuwa mhariri mkuu wa East African Medical Journal. Agosti 2023 zaidi ya majarida 100 yakafanya hivyohivyo kuhusu hatari ya vita vya nyuklia. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukalitaka Shirika la Afya Duniani lihuishe ripoti zake za zamani kuhusu madhara ya vita hivyo kwa afya.

Wengine hutuonya kwamba kuzungumzia mambo haya ni siasa. Chumvi yenye madini joto, vyandarua vyenye dawa, kofia za bodaboda: vyote hivyo vilihitaji uamuzi wa serikali kabla ya kumfikia mwananchi, na hakuna aliyemlaumu muuguzi kwa kuvidai. Sheria inayookoa maisha ni sehemu ya kazi yetu kama ilivyo sindano.

Wala bara hili si geni katika habari za nyuklia. Urani ya mabomu ya 1945 kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika Julai 2009 baada ya Burundi kuuridhia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha hizo ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122 na kuanza kutumika Januari 2021; waliousukuma kwa miaka mingi ni kampeni ya ICAN, iliyozaliwa ndani ya umoja uleule wa madaktari na kupata Nobel mwaka 2017. Kongo imeuridhia tangu 2022. Kenya haijatia saini. Tanzania ilitia saini Septemba 2019, lakini haijauridhia.

Kuhusu tabianchi, nawaomba wenzangu wa vituo vya mabonde na pwani jambo moja: tuandike. Kila kuhara baada ya mafuriko, kila utepe mwekundu, kila rufaa iliyokwama barabarani kwa maji, iingie kwenye MTUHA ikiwa na tarehe na mahali. Wajumbe wetu wanaokwenda kudai fedha katika mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 wanahitaji ushahidi, na ushahidi huo tunao sisi, kama Dkt. Reiss alivyokuwa na meno.

Kuhusu bomu, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu imelipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba. Naviomba Chama cha Wauguzi Tanzania na Chama cha Madaktari Tanzania viandike barua moja, kwa sauti moja, kuliomba Bunge liuridhie mkataba huu. Nawe msomaji, mwulize mbunge wako kwa nini saini ya 2019 imekaa muda wote huu bila kuridhiwa.