Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wako wanaonung'unika kwamba wageni kutoka Kongo wanaiharibu sura ya Kasese na Bwera. Twawauliza: Kasese ilikuwa na sura gani kabla ya reli kuifikia mwaka 1956, kuichukua shaba ya Kilembe? Mji huo ulikuzwa na wageni. Na huko Bwera, Wakonzo na Wanande wa ng'ambo ni ndugu wanaoelewana kwa lugha zao. Mpaka ndio mgeni.

Aibu ni yetu walimu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Twalalamika kwamba wanafunzi hawana wa kuzungumza naye, kisha sokoni Mpondwe twakicheka Kingwana cha muuza vitenge! Tukisahihishe panapostahili, lakini kwanza tukisikilize.