Nililipwa Kuwapotosha Kuhusu Ramani, Leo Nasahihisha Bure

Wadau, leo tuambiane ukweli. Ile video yangu ya kukodi gari nje ya nchi, ile nilisema "nunua eSIM, fungua ramani kwa simu, kwisha maneno", ilikuwa nusu ukweli. Na nusu ukweli kwa barabara usiyoijua ni mbaya kuliko uongo mzima, kwa sababu uongo mzima angalau unanuka. Nililipwa kusema vile na sikuwaambia. Hiyo pesa ililipa kodi ya nyumba miezi miwili. Na wakati narekodi, mimi huyu nilikuwa sijawahi kuendesha gari nje ya Kenya hata kilomita moja.

Miezi michache baadaye mama mmoja akaniandikia inboksi. "Kijana wangu, tulikufuata. Tulilala kwa gari."

Yeye, mzee wake na watoto wawili walikuwa wamekodi gari dogo Windhoek, Namibia, waende Sesriem, pale lango la kuingilia yale matuta mekundu ya Sossusvlei. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Bando walikuwa nayo, simu imejaa chaji. Lami ikaisha, ikaanza changarawe, mtandao ukapotea. Ule mstari wa buluu ulibaki kwa skrini kwa muda, halafu wakapita kona moja. Programu ikaanza kutafuta njia mpya. Ikazunguka, ikazunguka, haikuleta kitu. Jua likazama. Maji yaliyobaki yalikuwa chupa moja. Asubuhi ndiyo mkulima mmoja mwenye pikapu aliwapata akawaongoza hadi Solitaire, kwenye kituo cha mafuta.

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Najua kuna wenye watasema, "Si ni yeye hakujipanga?" Hapana. Alijipanga vile nilimwambia ajipange. Kosa ni langu, na ni la kila msee anayepost video za safari akiwa amelipwa na muuza data. Kwa hivyo nilichanga akiba, tukaenda na marafiki watatu, gari la kukodi, barabara ile ile. Ninayoandika hapa nimeyaendesha.

Tuanze na uongo mkubwa zaidi: ati ramani ya simu inahitaji intaneti ndiyo ijue uko wapi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi niliyoacha ilikuwa ya upimaji ardhi. Karo ndiyo ilinishinda. Lakini hili nilitoka nalo. GPS ni setilaiti zinazozunguka juu kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, zinatuma mawimbi mchana na usiku, bure. Simu yako inasikiliza tu, haitumi chochote kule juu. Ikisikia setilaiti nne inajua umesimama wapi. Bila bando, bila laini, katikati ya jangwa. Itachukua muda kidogo zaidi kupata mahali ulipo, basi.

Kinachokula data ni picha ya ramani na hesabu ya njia. Sasa kama hiyo ramani ulishaipakua ukiwa kwa WiFi ya nyumbani, data unanunua ya nini? Ndiyo maana anayeuza data hatakwambia hivyo. Mimi mwenyewe nilijua, na sikuwaambia.

Google Maps inakuruhusu kupakua eneo na kupata maelekezo ya gari bila mtandao, ila njia yako yote lazima iwe ndani ya eneo ulilopakua. Nchi kubwa kama Namibia utapakua vipande kadhaa. Organic Maps na OsmAnd zinatumia ramani za OpenStreetMap, na unaweza kushusha nchi nzima mara moja. Wale wanaozunguka kusini mwa Afrika kwa gari pia wanaijua Tracks4Africa, ambayo ni ya kulipia, lakini inakuonyesha muda halisi wa barabara, si kilomita peke yake. Kule tofauti hiyo ni kubwa. Kilomita 80 za lami na kilomita 80 za changarawe si ndugu, hata si majirani.

Halafu kuna kile kifaa cha ramani ambacho kampuni za kukodisha zinakupangishia kwa siku. Yetu ilijaribu. Nikapiga hesabu ya siku zote pale kaunta, nikaona bei inakaribia ya simu nzima. Nikauliza ramani yake ilisasishwa lini mara ya mwisho. Yule jamaa akacheka, akasema hajui. Tukaacha.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi pakua ramani halafu ulale. Hapo ndipo wengi wanaojiita wajuaji wanakosea pia. Ramani iliyo kwa simu bado ni programu inayochagua njia fupi, na njia fupi haijui gari lako. Kutoka Windhoek, yetu ilitaka kutupitisha D1275, njia ya Spreetshoogte. Ni mteremko mkali ajabu wa kushuka kutoka nyanda za juu hadi jangwani, na kuvuta trela pale ni marufuku. Sisi tulikuwa na kigari cha chini, watu wanne na mabegi. Simu haikujua hayo. Aliyejua ni mama mwenye nyumba tuliyolala. Alitandaza ramani ya karatasi juu ya meza, akashika kalamu, akatuambia: "Zungukeni kwa Rehoboth. Ni mbali kidogo, lakini mtafika na tairi zenu."

Kule herufi ya barabara ni habari tosha. B1 na B2 ni lami. C ni bahati yako, zingine lami, zingine changarawe. D, jipange. Na kabla hujafuata mstari wa buluu, soma mkataba wa gari. Mikataba mingi ya kule haifidii tairi, kioo wala sehemu ya chini ya gari ukiharibu kwenye changarawe, na mingine inakukataza barabara fulani kabisa. Kwa hivyo programu ikikuchagulia njia, imekuchagulia pia nani atalipa. Ni wewe.

Sasa hoja ya Wakenya wenzangu, ile naipenda: "Sisi hatuhitaji ramani, tunauliza watu." Nyumbani ni kweli. Ukipotea Kitui au Kakamega, kila kona kuna steji ya boda, na jamaa atakuonyesha hadi mlango. Lakini hiyo inafanya kazi kwa sababu watu wapo. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Namibia, sensa ya 2023 ilihesabu milioni 3 na ushee, na nchi yao ni kubwa kuliko yetu, zaidi ya kilomita mraba 820,000. Kuna mahali tuliendesha karibu saa nzima tukapishana na magari mawili. Utauliza nani, tandala? Na hao tandala ndio sababu wenyeji watakukanya usiendeshe usiku. Wanaruka barabarani bila kupiga honi.

Kwa hivyo kuuliza ni lazima, ila unauliza kabla ya kuondoka, si baada ya kupotea. Na hapa siongelei jangwa peke yake. Cape Town, Google Maps ilikuwa ikipitisha wageni wanaotoka uwanja wa ndege ndani ya Nyanga, mtaa unaojulikana kwa uhalifu, kwa sababu kwenye hesabu zake ile ilikuwa njia kama njia nyingine. Watu wakashambuliwa. Hadi mwaka 2023 waziri wa utalii wa Afrika Kusini, Patricia de Lille, akatangaza kwamba Google imekubali kuacha kuipendekeza. Mwenyeji yeyote angekwambia hayo kwa sentensi moja. Na Australia mwaka 2012, polisi wa Victoria walilazimika kuonya madereva waachane na ramani za Apple, kwa sababu zilikuwa zinawaelekeza mji wa Mildura zikiwatupa ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, kusiko na maji, kwenye joto linaloweza kufika nyuzi 46. Hao hawakuwa washamba. Walikuwa watu walioamini skrini kuliko macho yao.

Mtaniuliza, karatasi kweli, zama hizi? Ndiyo. Simu ikikaa kwa dashibodi kwenye jua la jangwa inapata moto na kujizima. Yetu ilijizima mara mbili. Karatasi haijizimi. Na inakuonyesha nchi nzima kwa mkupuo mmoja: mji uko wapi, kituo cha mafuta kinachofuata kiko umbali gani. Simu inakuonyesha kona inayofuata tu, ukidhani unajua njia, kumbe unajua mita mia tano. Kwa gari letu anayekaa mbele alikuwa makanga wa ramani. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi na kutangaza namba ya barabara kabla ya kila kona. Simu ikisema D na karatasi inasema C, tunasimama, tunaangalia kibao. Tulifika Sesriem jua likiwa bado juu, na maji lita kumi hayajafunguliwa.

Basi msimamo wangu mpya, bila mdhamini. Pakua ramani ya nchi nzima. Nunua ya karatasi. Uliza mwenyeji jioni kabla ya safari, akuandikie kwa kalamu. Data ikipatikana iwe ya nyongeza, ya kuwaambia watu wa nyumbani mmefika. Na usiku ule kabla hujatoka, weka simu kwenye hali ya ndege, zima WiFi, halafu jaribu kutafuta njia ya kesho yote, mwanzo hadi mwisho. Ikikataa, bado hujajipanga, hata kama umenunua bando ya dola ngapi.

Kwa wenzangu wa kontenti: kama umelipwa, sema umelipwa. Kama hujaendesha hiyo barabara, sema hujaiendesha. Mtu anaweka watoto kwa kiti cha nyuma akiamini mdomo wako.

Ile video sijaifuta. Ningeifuta ingekuwa kama sikuisema. Nimebandika posti hii juu yake, na yule mama nimemtumia kwanza kabla yenu. Alijibu maneno mawili tu: "Afadhali umesema."