Mdororo si mfumko: Tuyapambanue maneno

Kila uchumi unapoyumba, magazeti na redio hufurika maneno: mdororo, mtikisiko, mfumko. Aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe. Yafaa ieleweke kwamba sivyo, na mkanganyiko huo una gharama yake.

Neno la Kiingereza ‘recession’ lina asili ya Kilatini, kwa maana ya kurudi nyuma. Kila taaluma imelichukua kwa haja yake. Daktari wa meno hulitumia ufizi unapojivuta na kuacha mzizi wa jino wazi. Mwanafalaki hulitumia kwa galaksi zinazozidi kwenda mbali nasi, kama alivyoonyesha Edwin Hubble mwaka 1929. Mwanauchumi naye hulitumia, kwa kawaida, pato la taifa linapopungua kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Kiswahili hakilazimiki kufuata mkondo huo. Hakuna asemaye kwamba ufizi umedorora.

Tatizo letu, basi, si uhaba wa maneno bali ulegevu wa kuyatumia. Mdororo ni kupungua kwa uzalishaji. Mfumko ni kupanda kwa bei kwa jumla. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3, ilhali bei zilipanda kwa takriban asilimia 5. Aidha, ukuaji ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, huo si mdororo. Uchumi ungali unakua, ila kwa kasi ndogo.

Kauli inayopotosha zaidi ni kwamba mfumko umeshuka. Mwananchi huenda dukani akitarajia nafuu. Lakini bidhaa ya shilingi 100 ikipanda kwa asilimia 10 huwa 110. Mwaka unaofuata, mfumko ukishuka hadi asilimia 5, bei hufika 115.50. Kilichopungua ni kasi, si bei. Asiyelijua hilo atamshuku mwenye duka bure, au atamsadiki mwanasiasa pasipo kumhoji.

Walimu wa Kiswahili, Hisabati na Biashara wana wajibu hapa. Wawape wanafunzi taarifa za habari, kisha wawaulize: ni nini kilichopungua, kwa kiasi gani, na tangu lini? Mwanafunzi awezaye kuyajibu maswali hayo ataisikiliza bajeti ya serikali ikisomwa, naye ataielewa.