Mwili Wetu ni Mmoja

Jamani, tumechoka kuambiwa tunadeka. Sisi tunaoishi na ugonjwa wa Ehlers-Danlos pamoja na kasoro ya Chiari tunazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha. Daktari wa mifupa analirudisha bega lililoteguka kwa mara ya nne, anatuaga. Daktari wa mishipa ya fahamu anaangalia picha ya kichwa, habari za bega hataki kuzisikia. Wa tatu anatuandikia dawa za wasiwasi.

Wala si maradhi mapya. Hans Chiari aliieleza kasoro hii ya ubongo mwaka 1891. Edvard Ehlers wa Denmark aliandika kuhusu viungo legevu mwaka 1901, Danlos wa Ufaransa mwaka 1908. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado mgonjwa ndiye anayemtajia mhudumu herufi za ugonjwa wake.

Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, kano na viungo, kwetu ni dhaifu. Goti linachomoka ukipanda daladala, mshono unachelewa kufunga. Juu ya hayo, ncha za chini za ubongo mdogo zimeshuka, mara nyingi milimita 5 au zaidi, zikapita kwenye tundu la fuvu panapoanzia uti wa mgongo. Ndiyo maana kikohozi, chafya, hata kicheko, vinatupasua kisogo. Mikono inakufa ganzi, kikombe kinaanguka, na nyumbani tunaitwa wazembe.

Kinyozi akimaliza kunyoa anataka kuivuta shingo mpaka ilie. Shangazi anasisitiza tukakandwe. Wanatutakia mema, lakini shingo yenye kano legevu na ubongo uliobanwa haivutwi wala haisokotwi.

Linalotuuma zaidi ni kwamba hatua ya kwanza ya kututambua haina gharama. Kidole gumba kinagusa kigasha? Kidole cha mwisho kinarudi nyuma? Viwiko na magoti vinapinda kinyume? Ukiinama, viganja vinalala sakafuni? Alama 9 kwa jumla, dakika chache, bila mashine wala kibali cha bima. Hazimalizi utambuzi, ila zinafungua mlango. Aina iliyoenea zaidi ya ugonjwa huu haina kipimo cha vinasaba hata katika maabara za Ulaya. Hutambuliwa kwa macho, mikono na subira ya kumsikiliza mgonjwa.

Madaktari wetu, tunawaomba: mkiiona Chiari kwenye picha ya MRI, pimeni na viungo. Mkiona mtoto anateguka kila mara, mwulizeni kuhusu kisogo. Aliyepasuliwa bila daktari kujua kano zake ni legevu anaweza kubaki na shingo isiyotulia hata baada ya upasuaji. Tupimeni viungo kabla ya kutufungua fuvu.